Taa ya Breki Isiyozimika: Somo Juu ya Sensa ya Gurudumu katika Gari la Chama

Gari la chama ni mali ya kila mwanachama. Mkulima wa kahawa wa Kalinzi ambaye hajapata kuketi ndani yake hata siku moja amelichangia kwa makato ya kila kilo aliyoipeleka ghalani. Na mvuvi wa Kibirizi au mkamuaji wa mawese wa Ujiji vivyo hivyo, kila mmoja kwa njia ya chama chake. Kwa hiyo gari linapoharibika, si dereva peke yake apatwaye na hasara, wala si fundi peke yake apaswaye kujua kilichoharibika. Katibu anayetia sahihi hati ya malipo hapana budi aelewe analipia nini.

Somo hili lahusu kifaa kidogo kilichomo katika magari mengi ya siku hizi, nacho ni sensa ya mwendo wa gurudumu. Neno sensa hapa halina uhusiano na kuhesabu watu. Ni jina walitumialo mafundi kwa kifaa kinachohisi jambo na kutoa habari zake kwa kompyuta ya gari. Kifaa chenyewe hakizidi ukubwa wa kidole, lakini kikiharibika huwasha taa ya manjano iliyoandikwa ABS mbele ya dereva, na taa hiyo imepoteza fedha za vyama vingi kwa sababu ya kubahatisha.

I. KAZI YA SENSA

Mfumo wa breki uitwao ABS ulianza kuuzwa mwaka 1978, ulipotengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani na kutiwa katika magari ya Mercedes-Benz. Shabaha yake ni moja: kuzuia gurudumu lisijifunge kabisa dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Gurudumu lililojifunga huteleza kama ubao juu ya matope, na gari linaloteleza halitii usukani.

Ili mfumo huo ufanye kazi, kompyuta yake yataka kujua kila gurudumu linazunguka kwa kasi gani. Habari hizo huletwa na sensa. Karibu na kila gurudumu ipo pete inayozunguka pamoja nalo. Katika magari mengi pete hiyo ni ya chuma na ina meno; katika mengine ni pete nyororo yenye sumaku ndani yake, nayo imetiwa kwenye mfuniko wa beringi. Sensa hukaa mbele ya pete hiyo, ikiachana nayo kwa nafasi ndogo, aghalabu kiasi cha milimita moja au pungufu. Kila jino likipita, sensa hutoa pigo moja la umeme.

Hesabu itasaidia kufahamu. Tuseme pete ina meno 48, na tairi likizunguka mara moja gari husogea meta 2.4. Gari likienda kilometa 40 kwa saa, husogea meta 11.1 kwa sekunde. Gurudumu huzunguka mara 4.6 hivi kwa sekunde, na sensa hutoa mapigo yapata 222. Kompyuta hulinganisha hesabu ya magurudumu yote. Gurudumu moja likipunguza mapigo ghafula hali mengine yanaendelea, kompyuta hujua kuwa gurudumu hilo linakaribia kujifunga, nayo hulegeza breki yake kwa kitambo kidogo, kisha huikaza tena, mara nyingi katika sekunde moja. Ndiyo maana dereva huhisi kanyagio likitetemeka chini ya mguu.

Mwanachama afahamu pia mipaka ya mfumo huu. Juu ya changarawe iliyolegea, gari lenye ABS laweza kusimama mbali zaidi kuliko gari lisilo nayo. Faida yake kubwa ni kwamba dereva bado aweza kuligeuza gari akakwepa mtoto, baiskeli au shimo.

II. MAADUI WA SENSA KATIKA MKOA WA KIGOMA

Sensa hukaa mahali pabaya kuliko vifaa vyote vya umeme vya gari: chini, nyuma ya gurudumu, panapotupwa maji, mawe na matope. Katika mkoa huu maadui zake ni wanne.

Wa kwanza ni udongo mwekundu. Wakati wa masika hugandamana kwenye pete na kujaza nafasi baina ya meno. Ukikauka huwa mgumu kama tofali. Wa pili ni chumvi. Gari lililobeba chumvi ya Uvinza, au samaki waliotiwa chumvi, hudondokewa na maji ya chumvi ambayo hula chuma upesi. Kutu ikiota chini ya pete huisukuma pete nje mpaka ikapasuka. Wa tatu ni barabara mbovu za kuingia vijijini, ambazo hutikisa nyaya mpaka zikakatika ndani ya mpira wake, hali nje zaonekana nzima. Wa nne ni mkono wa mtu: fundi aliyevuta waya alipokuwa akibadili pedi za breki, au aliyeigonga sensa kwa nyundo alipokuwa akitoa beringi.

III. DALILI NA MAANA YAKE

Ufunguo ukiwashwa, taa ya ABS huwaka kwa sekunde chache kisha huzimika. Hiyo ndiyo desturi yake, na maana yake ni kwamba mfumo umejipima ukajiona mzima. Taa isipowaka kabisa, huenda imeungua, au mtu ameitoa ili kuficha kosa. Ikiwaka isizimike, kuna kosa.

Taa ya manjano ikiwa peke yake, breki za kawaida bado zipo, na gari laweza kurudishwa kituoni kwa mwendo wa pole. Lakini taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja nayo, na breki ya mkono imeachiwa, gari lisimamishwe. Huenda mafuta ya breki yamepungua, au kompyuta imeshindwa kugawa nguvu za breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Gari la namna hiyo lisipewe mzigo wala abiria hata kama zimebaki gunia mbili tu ghalani.

Ipo dalili nyingine isiyojulikana sana. Dereva anakaribia kusimama, mwendo umeshuka mpaka kilometa 10 kwa saa, barabara ni kavu, hata hivyo kanyagio linatetemeka na gari linachelewa kusimama. Aghalabu hapo sensa haijafa, ila mapigo yake yamekuwa dhaifu kwa sababu ya kutu au uchafu, na kompyuta hudhani kuwa gurudumu limejifunga. Dereva akilalamika hivyo asipuuzwe.

IV. KUTAFUTA KOSA

Kosa kubwa lifanywalo ni kununua sensa kabla ya kupima. Tuchukue mfano wa kufunzia. Chama cha wakulima kina gari ambalo taa yake imewaka. Fundi anasema, "Hiyo ni sensa." Chama kinanunua sensa mbili za mbele kwa shilingi 90,000 kila moja. Taa inazimika siku mbili, kisha inarudi. Hatimaye fundi mwingine anapima na kukuta waya uliosuguliwa na bati la tairi. Anautengeneza kwa shilingi 15,000. Shilingi 180,000 zimekwenda bure. Ikiwa chama hukata shilingi 50 kwa kila kilo ya kahawa, hayo ni makato ya kilo 3,600. Kilo hizo zilichumwa kwa mkono, punje kwa punje.

Ili jambo hilo lisitokee, utaratibu ufuatao ushikwe, nao uanze na mambo yasiyo na gharama.

Hatua ya kwanza: Dereva aulizwe. Taa iliwaka lini? Je, ni baada ya kubadili tairi, beringi au pedi? Ni baada ya kuvuka maji? Huwaka daima, au kwenye mashimo tu? Taa inayowaka na kuzimika gari linapotikisika huelekeza kwenye waya au soketi kuliko kwenye sensa yenyewe.

Hatua ya pili: Mambo mepesi yatazamwe. Mafuta ya breki yawe kati ya alama mbili za chombo chake. Fyuzi ya ABS iwe nzima. Betri iwe na volti 12.4 au zaidi injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.5 na 14.5 hivi injini ikinguruma. Tairi zote ziwe za kipimo kimoja na zijazwe upepo sawa. Katika mfano wa awali, tairi lenye mzunguko wa meta 2.2 likifungwa mahali pa lile la meta 2.4, sensa yake itatoa mapigo yapata 242 badala ya 222 katika mwendo ule ule, na kompyuta yaweza kudhani kuna kosa ilhali sensa ni nzima.

Hatua ya tatu: Gurudumu lenye kosa lijulikane. Kompyuta huhifadhi namba ya kosa, nayo husomwa kwa mashine ambayo karakana nyingi za mjini zinayo. Katika magari mengi ya Toyota, namba C0200 ni sensa ya mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, na C0215 nyuma kushoto. Kulia na kushoto huhesabiwa kwa mtu aliyeketi ndani ya gari akitazama mbele. Wapo waliofungua gurudumu lisilohusika kwa kusimama mbele ya gari wakilitazama. Katibu aiandike namba hiyo katika daftari la gari kabla haijafutwa. Namba hiyo haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema tu kwamba habari za gurudumu hilo hazifiki ipasavyo. Kosa laweza kuwa katika sensa, pete, beringi, waya au soketi.

Hatua ya nne: Macho yatumike. Gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu mengine yawekewe kabari, na upande ulioinuliwa kwa jeki utegemezwe juu ya stendi au gogo imara. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Gurudumu likishatolewa, matope yasafishwe kwa maji na brashi laini, kisha waya ufuatwe kwa macho na vidole tangu kwenye sensa mpaka kwenye soketi. Fundi atafute mahali palipochunika, palipobonyea au vibanio vilivyokosekana. Soketi ifunguliwe: ukungu wa kijani kwenye vipini vya shaba ni alama ya maji yaliyoingia. Pete itazamwe pande zote kwa kuizungusha; jino moja lililovunjika, au ufa mmoja, watosha kuwasha taa. Kisha gurudumu lirudishwe, lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, beringi imechoka, na sensa mpya haitaponya beringi.

Hatua ya tano: Vipimo vichukuliwe. Hapa lazima kwanza ijulikane sensa ni ya aina gani, kwa kusoma kitabu cha gari, maana aina mbili hupimwa kwa njia mbalimbali.

Aina ya zamani hujitengenezea umeme wake kwa sumaku na waya uliozungushwa ndani. Soketi ikifunguliwa, ukinzani kati ya vipini viwili vya sensa hiyo aghalabu huwa kati ya omu 800 na 2,500. Mita isiposoma kitu, waya umekatika ndani. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Fundi apime na gurudumu la upande wa pili wa ekseli ile ile, kisha alinganishe. Tofauti kubwa ni ushahidi. Baada ya hapo mita igeuzwe kupima volti za umeme wa kubadilika, na gurudumu lizungushwe kwa mkono kiasi cha mzunguko mmoja kwa sekunde. Sensa nzima hutoa walau sehemu ya kumi ya volti, na kipimo hupanda gurudumu linapoharakishwa.

Aina mpya hupewa umeme na kompyuta, nayo isipimwe kwa omu, kwani mita yaweza kuiharibu na kipimo chake hakina maana. Kinachopimwa ni umeme unaofika kwenye soketi kutoka upande wa gari ufunguo ukiwashwa. Umeme usipofika, kosa ni la waya au kompyuta. Ukifika, njia nyepesi ni mashine ya kompyuta: dereva aendeshe polepole mahali patupu, na mtu wa pili asome mwendo wa magurudumu yote manne. Gurudumu linaloonyesha sifuri, au linaloruka-ruka ilhali mengine yametulia, ndilo lenye kosa.

Jambo moja la aina hii limewasumbua mafundi wengi. Beringi yenye pete ya sumaku ina upande mmoja tu unaopaswa kuielekea sensa. Ikifungwa kinyume, gurudumu huzunguka vizuri kabisa, lakini sensa haioni kitu. Taa ikiwaka mara baada ya kubadili beringi, hilo litazamwe kabla ya lolote.

V. KUTENGENEZA

Ikithibitika kuwa waya ndio wenye kosa, usiungwe kwa kusokota na kufunga tepu. Mahali hapo hutikisika daima, na mapigo ya sensa ni madogo. Ungio baya litayapoteza. Waya ulehemiwe kwa risasi, uvikwe mpira mwembamba unaojibana kwa joto, na nyaya mbili zilizosokotwa pamoja kiwandani zibaki zimesokotwa. Kisha zirudishwe katika vibanio vyake vyote, usukani ukatwe mpaka mwisho kulia na kushoto, ionekane kwamba waya hauvutiki wala haugusi tairi.

Ikithibitika kuwa ni sensa, inunuliwe yenye namba ile ile ya kiwanda na ya upande ule ule. Kutoa ya zamani kwataka subira. Skrubu yake ifunguliwe, mafuta ya kulegeza kutu yatiwe, na sensa izungushwe taratibu. Ikigoma isivutwe kwa koleo mpaka ikatike, kwani kipande kitakachobaki ndani chaweza kulazimisha kufungua habu nzima. Tundu lisuguliwe mpaka kutu iishe, maana kutu iliyobaki huinyanyua sensa na kuzidisha nafasi kati yake na pete. Kabla ya kutia mpya, ukuta wa tundu upakwe grisi nyembamba, lakini ncha ya sensa iachwe safi. Skrubu ikazwe kwa kiasi, si kwa nguvu zote.

Faida ya grisi, watu wa ziwa hili wanayo historia yake. Meli iitwayo leo Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya kuizamisha, wahandisi waliipaka mitambo yake grisi nene. Ilipoibuliwa mwaka 1924, baada ya miaka minane majini, mitambo ilikutwa katika hali njema, na mwaka 1927 meli ikaanza tena safari katika Ziwa Tanganyika. Chuma kilichokingwa mapema hungoja, kilichoachwa hakingoji.

Kazi ikiisha, namba ya kosa ifutwe, na gari lijaribiwe mahali tambarare pasipo watu, kwanza polepole, kisha kufikia kilometa 40 kwa saa. Katika magari mengine taa haizimiki mpaka gari litembee kwanza. Jaribio lisifanywe kwenye mteremko wa barabara ya Manyovu.

VI. WAJIBU WA KATIBU NA KAMATI

Katibu si fundi, wala hatazamiwi kushika spana. Wajibu wake ni kuuliza na kuandika. Kabla ya kununua kifaa, daftari la gari lionyeshe mambo matano: tarehe na kilometa taa ilipowaka, maelezo ya dereva, namba ya kosa na gurudumu lake, vipimo vilivyochukuliwa, pamoja na vya upande mzima, na jina la fundi aliyepima. Baada ya kazi, kifaa cha zamani kirudishwe ofisini na stakabadhi iambatishwe. Mkaguzi akija, maandishi hayo yatajibu kabla katibu hajaulizwa. Na mwanachama akisimama katika mkutano mkuu kuuliza fedha za matengenezo zilikwenda wapi, atasomewa, asiombwe kuamini tu.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Wapo madereva watoao balbu ya taa ya ABS, au kuibandika karatasi, ili wasisumbuliwe nayo. Kufanya hivyo ni kama kumziba mlinzi mdomo ili watu walale. Dereva wa zamu inayofuata hatajua kuwa breki zake zimepungukiwa. Atashuka kutoka milima ya Kalinzi siku ya mvua, gari limejaa gunia za kahawa na juu yake wameketi watu walioomba msaada wa usafiri, naye atakanyaga kwa nguvu akitegemea ulinzi ambao mwenzake aliuzima. Kamati ya chama iandike katika masharti ya kazi ya dereva kwamba kuficha taa ya onyo ni kosa, na kwamba kutoa habari za taa iliyowaka si kosa kamwe, hata kama gari litasimama katikati ya msimu. Dereva anayeogopa kukaripiwa ndiye afichaye taa.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VYAMA

1. Taa ya ABS ya gari la chama imewaka siku moja baada ya kubadili beringi ya mbele kushoto. Ni mambo gani yatazamwe kwanza, na kwa nini?

2. Sensa ya aina ya zamani ya mbele kulia inasoma omu 1,200, na ya mbele kushoto haisomi kitu. Je, chama kinunue sensa ngapi? Kabla ya kununua, ni kitu gani kingine kihakikishwe kwenye gurudumu hilo?

3. Pete ina meno 48, na tairi huenda meta 2.4 kwa mzunguko mmoja. Gari likienda kilometa 20 kwa saa, sensa hutoa mapigo mangapi kwa sekunde?

4. Dereva amekuta taa nyekundu na ya manjano zikiwaka pamoja akiwa Mwandiga, na kahawa inangojwa mjini. Afanye nini? Katibu amjibu nini kwa simu?

5. Daftari la gari la chama chenu lifunguliwe mbele ya wanachama. Je, matengenezo ya mwisho ya breki yameandikwa kwa namna ambayo mtu asiyekuwapo aweza kuelewa kilichopimwa na kilichonunuliwa?